Kufufua gitaa kuukuu la mwanafunzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wanaobisha hodi katika karakana yangu hapa Nairobi, wengi wao wakiwa na gitaa lililofungwa ndani ya shuka au gunia, wakitaka kujua kama litapigika tena. Nimeyajibu kwa urefu usiolingana kwa sababu hayana uzito mmoja.

Gitaa la mwanafunzi ni lipi, na linaitwa la zamani tangu lini?

Ni gitaa lililotengenezwa kwa wingi kiwandani ili anayeanza kujifunza aweze kulinunua bila kuuza ng'ombe. Ubao wake wa juu mara nyingi ni plaiwudi na si mbao nzima, mbavu zilizo ndani zimepangwa sambamba kama vipandio vya ngazi, na pambo la ukingoni pengine ni rangi iliyopakwa tu. Kampuni ya Harmony ya Chicago, iliyoanzishwa mwaka 1892 na kufungwa mwaka 1975, ilitoa magitaa mengi sana ya namna hii, na mengine yaliandikwa Stella kichwani. Ulaya yalitoka ya Egmond kutoka Uholanzi na ya Framus kutoka Ujerumani. Yamaha ya Japani ilianza mfululizo wake wa FG mwaka 1966, na lebo za miaka hiyo ya mwanzo huonyesha jina la Nippon Gakki. Mimi huliita la zamani gitaa lililotengenezwa kabla ya mwaka 1980 hivi, ingawa mengi yanayofika kwangu hayana lebo kabisa kwa kuwa mende walishaila.

Usilidharau kwa sababu ya plaiwudi. Wazee wengi waliojifunza kupiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kwa mtindo wa omutibo wa magharibi mwa Kenya, walijifunzia magitaa ya bei ya chini, na mlio wake mkavu, unaoitika upesi na kuzimika upesi, unaufaa mtindo huo kuliko mlio mzito wa gitaa la gharama.

Nitajuaje kama linafaa kutengenezwa kabla sijalinunua au kutumia pesa?

Nenda na rula ya chuma iliyonyooka ya sentimita 60, uangalie pembe ya shingo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Vumbi, kutu, vikazio vilivyovunjika (vile vya kichwani vya kukazia nyuzi) na nyuzi zilizokatika huwatisha wanunuzi, lakini vyote hivyo ni kazi ya siku moja au mbili. Pembe ya shingo ndiyo huamua kama una gitaa au una pambo la ukutani.

Ilaze rula juu ya freti, yaani vile vipande vyembamba vya chuma vinavyokatiza shingo, katikati ya shingo, na kuisukuma kuelekea daraja, kile kipande cha mbao kilicho juu ya mwili ambacho nyuzi huishia. Katika gitaa ambalo daraja lake limegundishwa kwenye ubao wa juu, ncha ya rula inapaswa kufika kwenye ukingo wa juu wa mbao ya daraja, au kupita juu yake kidogo tu. Ikigonga uso wa daraja milimita moja chini ya ukingo, bado mambo si mabaya. Ikigonga milimita tatu chini, au ikigusa ubao wenyewe mbele ya daraja, ujue mvuto wa nyuzi wa miaka mingi umeivuta shingo mbele na kuukunja mwili, na nyuzi zitakuwa juu mno hata ufanye nini na daraja.

Kisha litazame gitaa kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa ubao wa juu. Uvimbe mdogo nyuma ya daraja ni wa kawaida, ila bonde kubwa kati ya daraja na tundu la sauti linaonyesha kwamba mbavu za ndani zimeachia. Gonga ubao taratibu kwa kifundo cha kidole, sehemu baada ya sehemu. Mbavu iliyoachia hutoa mlio wa kugongana, kama kifuniko cha sufuria kisichokaa sawa. Mwisho, chungulia mahali kisigino cha shingo kinapokutana na mwili wa gitaa, na ikiwa karatasi inaingia hapo, kiungo kimeanza kufunguka.

Muuzaji atakuambia limekosa nyuzi tu. Mwambie akuruhusu kupima kwanza, maana gitaa lisilo na nyuzi ni mbuzi aliye guniani.

Gitaa langu ni la nyuzi za chuma au za nailoni? Je, kuna tofauti kubwa?

Tofauti ni kubwa kiasi cha kuliua gitaa. Nyuzi sita za nailoni zilizokazwa kwenye sauti ya kawaida huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 40, ilhali seti ya nyuzi za chuma za kipimo cha 12 (yaani uzi mwembamba zaidi una unene wa inchi 0.012) huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote mjini hapa ni gitaa la nailoni lililofungwa nyuzi za chuma kwa sababu ndizo zilizopatikana dukani siku ile, au mbaya zaidi, waya uliochomolewa kwenye kebo ya breki ya baiskeli. Baada ya miezi michache daraja huruka, wakati mwingine na kipande cha ubao.

Angalia vikazio. Ikiwa nyuzi huzungushwa kwenye mirija minene ya plastiki, ya unene wa karibu milimita 10, gitaa ni la nailoni. Ikiwa huzungushwa kwenye vijiti vyembamba vya chuma, ni la chuma, hata kama kichwa chake kina matundu marefu mawili kama ya gitaa la nailoni, jambo ambalo baadhi ya magitaa ya Stella huwachanganyia watu. Upana wa shingo karibu na kichwa nao husaidia, kwa kuwa la nailoni huwa na milimita 50 au zaidi na la chuma huwa karibu na 43. Ukibaki na shaka, funga nailoni, kwani nyuzi laini hazijawahi kuvunja gitaa.

Nianze na kazi gani?

Anza kwa kulegeza nyuzi zote na kuzitoa, kisha piga picha za kila upande kabla hujagusa kitu. Pangusa vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi, na kwa ndani tikisa gitaa likiwa limeinamishwa, ukiwa nje ya nyumba, maana hujui kitakachotoka. Mimi nimewahi kuvuna sarafu, kiota cha mavu na funguo za mlango ambao mwenyewe alishaubadilisha.

Uchafu mgumu wa jasho na moshi hutoka kwa kitambaa kilicholowanishwa kidogo tu kwa maji yenye sabuni ya vyombo na kukamuliwa vizuri, ukifuatiwa mara moja na kitambaa kikavu. Usiache maji yakasimama karibu na ufa wala karibu na ukingo wa plaiwudi. Kwenye ubao wa vidole tahadhari zaidi, kwa sababu magitaa mengi ya bei nafuu yalikuwa na ubao wa mbao nyeupe uliotiwa rangi nyeusi ili ufanane na mpingo. Ukisugua kwa nguvu, weusi utaondoka na kitambaa. Mbao ikiwa kavu sana, paka tone la mafuta ya madini yasiyo na harufu na ufute yote baada ya dakika kumi. Mafuta ya kupikia yataoza humo na kunata.

Ubao wa juu una ufa. Je, gitaa limekwisha?

La hasha. Ufa unaofuata mkondo wa nyuzinyuzi za mbao hutengenezeka vizuri. Kwanza acha gitaa likae kwa siku kadhaa mahali penye unyevu wa wastani, kwa sababu ufa uliosababishwa na ukame mara nyingi hujifunga wenyewe kwa kiasi fulani mbao inapotanuka. Kisha ingiza gundi nyeupe ya maseremala, iliyozimuliwa kwa matone machache ya maji, huku ukibonyeza ubao taratibu juu na chini ili gundi ivutwe ndani. Futa inayojitokeza kwa kitambaa chenye unyevu na ubane kwa saa 24. Kwa ndani, bandika viraka vyembamba vya mbao laini, vya ukubwa wa stempu, huku mkondo wa kiraka ukikatiza mkondo wa ubao ili ufa usifunguke tena.

Supa gluu isitumike hapa. Hukauka kabla hujapanga sawa, hutia doa kwenye vanishi, na fundi atakayekuja baada yako atakulaani.

Daraja limeanza kubanduka. Naweza kulipigilia skrubu?

Tafadhali usifanye hivyo. Skrubu ya mbao hushika milimita mbili au tatu tu za ubao na huo ubao utapasuka kuifuata. Hata hivyo usishangae ukikuta boliti mbili ndogo kutoka kiwandani, zimefichwa chini ya vidoti vyeupe vya daraja, kwani viwanda kadhaa vilifanya hivyo na unapaswa kuzifungua kwanza kabla ya kulitoa daraja.

Pasha moto daraja polepole, kisha upitishe kisu chembamba chenye ncha butu chini yake, ukianzia upande uliokwisha kuachia. Hapa nikiri kosa langu. Katika miaka yangu ya mwanzo niliweka pasi ya nguo juu ya daraja la gitaa la plaiwudi, nikaenda kupokea simu, na niliporudi tabaka la juu la ubao lilikuwa limevimba kama chapati kwenye kikaango. Gundi inayoshikilia tabaka za plaiwudi na gundi ya daraja hulainika kwa pamoja, na moto hauchagui. Siku hizi napasha kwa dakika mbili tu, naacha, napasha tena, na nimekata kadibodi yenye tundu la umbo la daraja, iliyofunikwa kwa karatasi ya fedha ya jikoni, ili joto lisisambae.

Daraja likishatoka, kwangua gundi ya zamani pande zote mbili hadi uone mbao tupu. Jaribu kulikalisha likiwa kavu, na ikiwa ubao umevimba kidogo, chonga tumbo la daraja lifuate uvimbe huo badala ya kulazimisha ubao ulale. Ndipo upake gundi nyeupe, au ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama kama unajua kuitumia, na ubane kwa klampu ndefu tatu zinazopita kwenye tundu la sauti, ukiweka kipande cha mbao ndani ili mbavu zisivunjike. Usifunge nyuzi kabla ya siku tatu kwisha.

Nyuzi ziko juu sana na vidole vinaniuma. Nifanye nini?

Hili ndilo swali lililo kiini cha mengine yote, maana watoto wengi huacha kujifunza gitaa wakidhani hawana kipaji, kumbe hawana gitaa linalobonyezeka. Pima umbali kutoka kilele cha freti ya 12 hadi chini ya uzi mnene. Milimita 2.5 ni nzuri kwa nyuzi za chuma, na kwa uzi mwembamba 2 zinatosha. Magitaa yanayoletwa kwangu huwa na 4 au 5.

Hesabu yake ni hii. Freti ya 12 iko katikati kamili ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka uzi ushuke milimita moja hapo, sharti upunguze milimita mbili kwenye mfupa wa daraja, yaani kile kipande kilichosimama kwenye mfereji wa daraja na kubeba nyuzi. Tuseme una 4.5 na unataka 2.5. Unahitaji kuondoa milimita nne. Sasa tazama mfupa wako. Ikiwa unachomoza milimita tatu tu juu ya mbao, huwezi, na ukijaribu, nyuzi zitalala juu ya daraja na gitaa litakuwa bubu. Ndiyo maana nilisema uanze na rula kabla ya kununua.

Ikiwa nafasi ipo, sugua upande wa chini wa mfupa, si wa juu, juu ya msasa uliobandikwa kwenye kioo, ukipima kila baada ya misuguo kumi. Acha angalau milimita mbili zichomoze.

Ikiwa haipo, dawa halisi ni kuing'oa shingo kwa mvuke, kuchonga kisigino kwa pembe mpya na kuirudisha. Freti iliyo juu ya kiungo hutolewa, tundu dogo hutobolewa kwenye mfereji wake, na mvuke hupelekwa ndani kwa mrija mwembamba hadi gundi ilegee. Kwa gitaa la mwanafunzi kazi hii mara nyingi hugharimu kuliko gitaa lenyewe, na sikushauri uianze nyumbani, kwa kuwa mvuke huunguza mikono na plaiwudi kwa pamoja. Kuna njia ya katikati ambayo naikubali: funga nyuzi nyepesi, lituni gitaa nusu hatua (sauti ya freti moja) au hatua nzima (freti mbili) chini ya kawaida, na utumie kapo, kile kibanio kinachobonyeza nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya kwanza au ya pili. Halitakuwa gitaa la jukwaani, lakini sehemu ya shingo iliyo karibu na kichwa itapigika.

Magitaa yenye mkia wa chuma ulioshikwa ukingoni mwa mwili wake, ambayo daraja lake halikugundishwa bali linashikiliwa na mvuto wa nyuzi tu, ni rahisi zaidi. Chonga miguu ya daraja hadi urefu unaotaka. Kulirudisha mahali pake, pima kutoka mfupa wa kichwani (kile kipande chenye mifereji ambacho nyuzi hupitia zikiingia kichwani) hadi freti ya 12, zidisha mara mbili, na uongeze milimita mbili au tatu upande wa nyuzi nene.

Shingo imepinda na sioni mahali pa kukaza chuma cha ndani.

Inawezekana hakuna. Chuma kinachorekebishika kilisajiliwa na kampuni ya Gibson ya Marekani katika miaka ya 1920, lakini magitaa mengi ya wanafunzi yalibaki na chuma kisichokazika, au mbao peke yake. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, kisha utazame nafasi iliyobaki katikati. Robo ya milimita inafaa, na kipimo cha majani ya chuma ambacho makanika wa Barabara ya Kirinyaga hutumia kwa valvu za injini kinapima nafasi hii vizuri sana. Nafasi ikizidi milimita moja, na chuma cha kukaza hakuna, punguza unene wa nyuzi kwanza uone. Kunyoosha shingo kwa joto na klampu kunawezekana, lakini mara nyingi hurudi ilivyokuwa, kwa hiyo mimi huwa siwatozi watu pesa kwa kazi nisiyoweza kuidhamini.

Mfupa wa kichwani umevunjika. Nipate wapi mwingine?

Unaweza kununua wa plastiki kwenye maduka ya ala za muziki katikati ya jiji, ila mimi hutengeneza wa ng'ombe. Ninakwenda soko la nyama la Burma asubuhi na kuomba mfupa wa muundi, ule mnene ulionyooka, ambao mwenye bucha hunipa huku akiniuliza nina mbwa wangapi. Nauchemsha polepole hadi nyama na uboho vitoke, nauloweka siku kadhaa katika maji ya sabuni ya unga nikiyabadilisha kila jioni, kisha nauacha kivulini kwa wiki kadhaa. Usipotoa mafuta yote utabaki na rangi ya manjano na harufu ambayo hakuna mpigaji atakayeivumilia chini ya pua.

Kata kipande kwa msumeno wa chuma ukiwa umefunika pua na mdomo, kwani vumbi la mfupa si la kuvutwa. Linganisha na ule wa zamani kwa upana, unene na urefu. Mifereji sita ndiyo kazi yenyewe. Kwa nyuzi nyembamba natumia tupa ndogo kama sindano. Kwa nyuzi nene, chukua kipande cha uzi wa zamani uliosokotwa, wa unene ule ule, uuvute mbele na nyuma kama msumeno, nao utajichimbia mfereji wa kipimo chake. Mfereji uiname kidogo kuelekea kichwani, ili uzi uachane na mfupa kwenye ukingo wa mbele, upande wa freti.

Kujua umefika, bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na utazame juu ya freti ya kwanza: nafasi ibaki ya unene wa karatasi nyembamba. Ukipitiliza, uzi utagonga freti na kuvuma vibaya kila unapopigwa bila kubonyezwa. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na hapa ndipo mahali pekee ambapo supa gluu ina heshima yake: jaza mfereji kwa unga wa mfupa, dondosha tone moja, subiri, anza upya.

Je, freti zilizochakaa zibadilishwe zote?

Si lazima. Kwenye gitaa la mwanafunzi uchakavu huwa katika freti tatu za kwanza, mahali wanaoanza hubonyeza kodi zao, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Chukua kadi ya benki, uisimamishe kwa ukingo wake juu ya freti tatu zinazofuatana. Ikiyumba kama meza ya mguu mfupi, ile ya katikati iko juu. Mara nyingi imeinuka tu kutoka kwenye mfereji wake na hurudi kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya plastiki.

Zikihitaji kusawazishwa, funika mbao yote kwa utepe wa karatasi, paka vilele kwa kalamu ya wino mzito, na upitishe tupa bapa ndefu bila kukandamiza hadi kila freti ipoteze wino. Kisha rudisha umbo la mviringo kwa tupa ndogo, na ulainishe kwa msasa wa namba 400, 600 na 1000. Waya wa freti hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na ni laini kuliko unavyofikiri, kwa hiyo ukisugua kama unayenoa panga utaimaliza.

Vikazio ni vigumu kuzungusha.

Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila gurudumu la meno, zungusha mara ishirini, futa. Vishikio vya plastiki vya miaka ile hunyauka na kusambaratika mkononi, na ikibidi ununue seti mpya, pima kwanza umbali kati ya vijiti vitatu vya upande mmoja, kwani vipimo vinatofautiana na kutoboa kichwa upya ni kazi ya kusikitisha.

Nilipake vanishi mpya ling'ae?

Hapana. Vanishi nzito ya samani huzuia ubao kutetemeka, na mikwaruzo haijawahi kuharibu sauti ya gitaa lolote.

Naona unga wa mbao na vitundu vidogo. Ni mchwa?

Yaelekea ni bungua. Litenge gitaa hilo na vitu vingine vya mbao, lifagie, liweke juu ya karatasi nyeupe kwa wiki mbili. Unga mpya ukionekana, wadudu bado wamo. Mafuta ya taa yataua baadhi yao, lakini mbao iliyolowa mafuta haishiki gundi vizuri, kwa hiyo ikiwa ni ubao wa juu na vitundu ni vingi, usiendelee kutumia pesa.

Hali ya hewa ya Nairobi inalidhuru gitaa?

Inalitesa kuliko wenyeji wanavyodhani. Mbao hupendelea unyevu wa hewa wa asilimia 45 hadi 55. Tuko katika mwinuko wa takriban mita 1,700, na mchana wa Januari na Februari hewa hukauka sana, kisha masika ya Machi hadi Mei yanakuja na unyevu wake. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu, ndiyo sababu nyufa hufuata mkondo. Magitaa yanayopandishwa kutoka Mombasa ndiyo huumia zaidi, na ukiletewa moja, liache ndani ya sanduku lake la kubebea au mfuko wake kwa wiki moja, ukilifungua kidogo kidogo, kabla ya kulikaza.

Katika miezi ya ukame, weka ndani ya sanduku hilo kisahani cha sabuni chenye matundu na sponji iliyokamuliwa vizuri, isiyogusa mbao. Usilitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua la saa tisa, wala usiliache ndani ya gari.

Nimpelekee seremala au fundi wa gitaa?

Seremala mzuri wa Gikomba au Barabara ya Ngong atakubania ufa na kukubandikia daraja bila shida, mradi umweleze mambo mawili: asipake vanishi, na asitumie misumari. Simama naye anapofanya kazi. Lakini freti, mifereji ya mfupa na pembe ya shingo mpelekee mtu anayepiga gitaa, kwa sababu asiyepiga hawezi kusikia kosa la robo ya milimita.

Mteja mmoja aliniletea gitaa la marehemu baba yake ambalo fundi asiyehusika na ala alilipunguzia shingo kwa randa ili "vidole vifike". Freti zilibaki zinaning'inia. Tulilirudisha ukutani.

Nifunge nyuzi gani?

Kwa gitaa kuukuu la chuma, kipimo cha 10 au 11, kamwe si zaidi. Seti ya 10 huvuta karibu kilo 60, na tofauti hiyo ya zaidi ya kilo kumi na seti ya 12 ndiyo itakayoamua kama daraja lako litakaa miaka mitano au miezi mitano. Mlio utapungua kidogo. Kubali.

Nimefunga nyuzi mpya lakini gitaa halishiki sauti. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Nyuzi mpya hunyooka kwa siku mbili tatu, na mwili uliokaa miaka ishirini bila mvuto nao hujipanga upya. Zungusha kila uzi mara mbili au tatu kwenye kijiti chake, mizunguko ikishuka chini bila kupandana, kisha uuvute taratibu kwa vidole katikati na uutuni tena, mara nne au tano. Panda kwa hatua. Siku ya kwanza likalishe hatua nzima chini ya sauti ya kawaida, siku ya pili nusu hatua, siku ya tatu uzi wa A, wa pili kutoka ule mnene kuliko yote, ufike hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde. Kila asubuhi kabla ya kukaza, ipitishe kucha yako pembezoni mwa daraja. Ikiingia mahali ambapo jana haikuingia, legeza nyuzi zote siku hiyo hiyo, kwani gundi haikushika.